Matangi Matatu ya Kwanza

Mwenye kununua pawasoo mpya huondoka dukani na mshauri mmoja, na kabla hajafika nyumbani huwa ameshampata wa pili. Mshauri wa kwanza ni kijitabu kilichomo ndani ya katoni, chenye lugha chungu nzima na picha za mtu aliyevaa kofia ngumu na buti nzito. Wa pili ni fundi. Fundi haandiki kitu, lakini ana msimamo: mashine mpya lazima izoeshwe kwanza. Tia oili mara mbili ya kawaida. Iwashe, iweke kivulini, iache ingurume yenyewe tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Usiipeleke kwenye mti mpaka kesho, na hata hiyo kesho uanze na fito.

Kijitabu kinasema vingine kabisa. Changanya oili kwa kipimo kile kile utakachotumia siku zote. Anza kazi. Ila kwa matangi matatu ya kwanza, usiibinye ikapiga kelele yake yote ikiwa hewani, haikati kitu. Ukiwa na subira ya kusoma maandishi madogo, utakuta pia kwamba mashine haitafikia nguvu zake kamili mpaka imalize matangi kati ya 5 na 15.

Sasa, nani asikilizwe? Ubishi huu nimeusikia mara nyingi penye magogo na penye gereji, na kwa kawaida unaishia kwa mtu kusema eti wenye viwanda hawajui kuni za kwetu. Mimi naona fundi hasemi uongo. Anasema kweli, lakini ni kweli ya injini ambazo hazitengenezwi tena. Ushauri wake ni historia. Umetoka mbali, umepita mikono mingi, na ukifuatwa leo neno kwa neno unaweza kumharibia kijana mashine aliyoikopea pesa kwenye sacco.

Tuanzie kwenye injini yenyewe. Pawasoo ina injini ya mipigo miwili, ndugu ya zile pikipiki kuukuu zilizokuwa zikiacha moshi wa buluu barabara nzima. Haina bakuli la oili chini kama gari. Oili yake huja imechanganywa na petroli. Ikipita inapaka beringi na ukuta wa silinda, kisha inaungua na kutokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo kipimo si jambo la mzaha. Petroli tupu ikiingia, pistoni inasugua silinda ikiwa kavu, inachanika, inakwama, na pesa yako imekwenda.

Zamani kipimo kilikuwa kizito. Injini ndogo za miaka ya 1940 na 1950 zililishwa sehemu moja ya oili kwa sehemu 16 au 20 za petroli. Oili iliyotumika ilikuwa karibu ile ile ya gari, haikutengenezwa kwa ajili ya kuungua, na beringi za wakati ule zilihitaji kulowa hasa. Baadaye kipimo kikawa 1 kwa 25. Leo mashine nyingi zinataka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa mtungi wa lita 5. Ukisikia fundi anakwambia "tia mara mbili", fanya hesabu: mara mbili ya 20 ni 40, nacho ndicho kile kipimo cha 1 kwa 25. Yaani anakurudisha kwenye kipimo ambacho mwalimu wake alifundishwa. Yeye anakiita kuzoesha. Kwa mwalimu wake kilikuwa kipimo cha kila siku.

Ukuta wa silinda nao umebadilika. Silinda za chuma cha kusubu zilitoka kiwandani na mikwaruzo midogo midogo, na ringi za pistoni zilihitaji muda mrefu kusuguana nao mpaka zikae sawa. Kuharakisha injini kama hiyo siku ya kwanza kulikuwa kuichoma. Ndipo likazaliwa wazo la kuituliza, kuipa oili tele, kuiacha itembee bila mzigo. Kisha zikaja silinda za alumini zilizopakwa kromu. Na mwaka 1967 kampuni ya Mahle ya Ujerumani ikaja na Nikasil, utando wa nikeli wenye chembe za silikoni kabaidi ndani yake. Cha kuchekesha ni kwamba utando huo haukutengenezewa msumeno hata kidogo; ulikusudiwa injini ya Wankel, ile ya kuzunguka isiyokuwa na pistoni za kawaida. Injini ya Wankel haikuenea duniani kama wengi walivyotarajia, lakini utando wake umefika mpaka ndani ya misumeno inayopasua kuni.

Katika silinda ngumu namna hiyo, kinachoikalisha ringi ni mgandamizo wa moto wenyewe. Gesi inayowaka huisukuma ringi dhidi ya ukuta, na gesi hiyo ina nguvu pale tu injini inapofanya kazi. Ukiiacha ingurume kivulini nusu siku, mgandamizo ni mdogo, ringi hazikai, na oili ya ziada haiungui yote. Jioni utakuta plagi nyeusi tii na masizi yameanza kuziba ekzosi. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitegemei: kabureta hupima maji maji yanayopita, haijui ipi ni petroli na ipi ni oili. Ukiongeza oili umepunguza petroli kwa hewa ile ile, na injini inaweza kupata joto zaidi kidogo, si kupoa kama unavyodhani.

Lakini mbona kijitabu nacho kinakataza kuipigisha kelele hewani? Kwa sababu bila mti wa kuizuia, injini mpya hukimbia kasi kupita kiasi wakati vyuma vyake bado vinabanana. Mti ndio breki yake. Kuizoesha mashine ya leo ni kuikatia mti, kwa kiasi, bila kuitesa.

Kabla ya kukata kuni, msumeno wa cheni ulikata mifupa ya watu. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na mnyororo mwembamba wenye meno na mpini kila upande, unaovutwa huku na huku kwa mkono. Aitken aliufikiria kwa mama aliyekwama katika uzazi, ili nyonga zipanuliwe. Jeffray kwa kutoa mifupa iliyooza kwenye viungo. Na wakati huo dawa ya usingizi haikuwepo. Mwaka 1830 Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza chombo ambacho ukikiona leo utakitambua mara moja: cheni yenye meno inayozunguka ukingo wa baa, ikiendeshwa kwa kuzungusha mpini. Umbo la pawasoo lilikuwa tayari. Ilikosa injini tu, na karibu miaka mia ikapita.

Injini ilikuja Ujerumani. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Stuttgart alitoa msumeno wa cheni wa umeme, na mwaka 1929 akautoa wa petroli. Katikati ya hapo, mwaka 1927, Emil Lerp aliujaribu wake wa petroli kwenye mlima Dolmar, Thuringia, na jina la mlima likawa jina la mashine. Hizi hazikuwa mashine za kubeba begani na kupanda nazo bodaboda. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, zikishikwa na wanaume wawili, mmoja kila ncha. Kabureta zake hazikupenda kulazwa upande. Ukiuinamisha msumeno, unazima. Kabureta ya kiwambo, isiyojali imelala au imesimama, ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kukata gogo kwa pembe yoyote aitakayo, na hilo ni jambo la miaka ya karibu na 1950. McCulloch ya Marekani ilitoa msumeno wa kilo 11 hivi mwaka 1949. Mwaka 1959 Stihl wakatoa Contra, usiokuwa na gia, cheni ikiendeshwa moja kwa moja na injini. Kasi ya cheni ikapanda. Pawasoo tunazozijua sisi ni wajukuu wa mashine hizo.

Ila kwangu mimi shujaa wa hadithi hii si mwenye injini. Ni buu.

Cheni za kwanza zilikuwa na meno yaliyosimama kama ya msumeno wa mkono. Zilikwaruza mti, zikatoa unga laini, zikawa butu upesi, na mkataji alitumia muda mwingi na tupa mkononi kuliko kukata. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, mkata miti aitwaye Joseph Buford Cox aliketi akamtazama buu wa mdudu mla mbao akila kisiki. Buu hakukwaruza. Alikula kushoto, akala kulia, kwa taya zilizopinda kama herufi C, na mbao ikamwachia njia. Cox akachonga meno ya cheni yaliyopinda vivyo hivyo, moja likitazama kushoto na linalofuata kulia, na mwaka 1947 akaanza kuyauza, akiyatengeneza ndani ya ghorofa ya chini ya nyumba yake mjini Portland. Ukiokota leo cheni yoyote kwenye gereji ya Molo au Kakamega, utaona meno ya yule buu. Na ukitaka kujua kama cheni yako ni kali, tazama kinachotoka: cheni kali hutoa vipande, cheni butu hutoa unga.

Hapa ndipo ninapomrudishia fundi heshima yake. Cheni ndiyo inayohitaji kuzoeshwa kuliko injini, naye analijua hilo. Wapo mafundi wanaochukua cheni mpya jioni na kuilaza usiku kucha ndani ya mkebe wa oili, mpaka oili iingie kwenye kila ribiti. Kijana mwenye haraka huwacheka. Asicheke. Cheni mpya hurefuka kadiri viungo vyake vinavyojikalia, na katika saa ya kwanza inaweza kulegea mara tatu au nne hata ikaning'inia chini ya baa. Cheni iliyolegea huruka, na inaporuka inaelekea kwenye mkono na paja. Kwa hiyo kata vipande vichache, zima, iguse, ikaze kidogo, endelea. Ukiikaza ikiwa moto, usisahau kuilegeza kazi ikiisha, maana chuma kikipoa kinajikunyata. Cheni iliyobana usiku kucha huvuta ekseli ya injini na beringi zake. Cheni haijabadilika sana tangu enzi za mafundi wa kwanza, na ndiyo maana ushauri wao juu yake bado haujazeeka.

Na kuni zenyewe? Mti ambao pawasoo nyingi za Kenya huzoeshwa nao ni mkaratusi, blugamu kama wengi tunavyouita, nao pia ni mgeni aliyeletwa na injini. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na magarimoshi yake yalikula kuni. Misitu ya asili iliyo kando ya reli ilianza kuliwa, na mwaka 1902 mkaratusi ukaletwa kutoka Australia uwe kuni za treni. Ukisimama ukatazama msitu wa mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, unatazama tangi la mafuta la karne iliyopita. Treni ziliacha kuni. Kufikia miaka ya 1950 zile Garratt kubwa kubwa za darasa la 59 ziliendeshwa kwa mafuta mazito. Lakini mkaratusi haukuondoka. Mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa yameshaupanda kwa ajili ya kukaushia majani, na viwanda vya chai vya wakulima wadogo, vilivyokuwa chini ya KTDA tangu 1964, vikafuata. Shule za bweni nazo zikawa zinapikia kuni. Wote hao hawataki matawi. Wanataka magogo yaliyopimwa, yaliyopangwa, lori zima.

Hilo ndilo lililobadilisha mambo nyumbani. Kuni za kale zilikuwa kazi ya mwanamke, na zilikuwa kuni za kuvunja. Alikwenda na panga na kamba, akakusanya matawi makavu, akayafunga na kuyabeba mgongoni. Kwa Wakikuyu, mkanda wa ngozi uitwao mukwa ulipita juu ya kichwa na kuacha alama. Shina la mti halikuwa lake. Lilikuwa la mwenye shamba, na kuliangusha ilikuwa kazi ya wanaume wenye mashoka au msumeno wa watu wawili, kazi ya siku nzima. Kwa hiyo mti mkubwa ulikuwa na ulinzi wa namna yake: jasho. Hakuna aliyeangusha mti wa miaka 60 kwa ajili ya kupika maharagwe.

Pawasoo iliondoa ulinzi huo. Mti unaanguka kabla chai haijapoa, na shina linakuwa kuni kama tawi. Kuni zikawa na bei, na kilichokuwa na bei kikahamia mikononi mwa wanaume. Katika kazi hii mimi sijamwona mwanamke ameishika pawasoo. Nimewaona wengi wakisubiri pembeni injini izimwe, ili waokote matawi na vile vipande vya meno ya buu, ambavyo ukivikausha vinawasha moto vizuri sana. Kuna watakaosema wamepunguziwa safari ya msituni, na ni kweli. Lakini safari hiyo ilikuwa imerefuka kwa sababu gani? Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, moja ya malalamiko aliyoyasikia kwa wanawake wa mashambani ni kwamba kuni zimekuwa mbali. Siilaumu mashine peke yake. Mashamba ya biashara na makazi yalikata zaidi. Ila mashine haikuifupisha njia.

Serikali nayo imeiogopa. Februari 2018 ukataji miti ulipigwa marufuku katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku ya siku 90 iliyoongezwa na kuongezwa tena hadi 2023. Muda wote huo viwanda vya chai havikuacha kukausha chai wala shule kupika. Mahitaji yakahamia kwenye mashamba ya watu binafsi, na mwenye pawasoo akatafutwa kuliko zamani. Vijana wengi walinunua mashine zao katika msimu huo, na wengi wao hawakuwahi kushika hata ya kuazima. Wakafundishwa na yeyote aliyekuwa karibu.

Ndiyo maana huu ubishi wa tangi la kwanza si wa kupitisha muda. Mwenye mashine moja hana ya akiba. Injini ikikwama mwezi wa pili, deni halikwami. Na hata kama angeifuata injini kwa kijitabu, bado kuna kitu ambacho hakuna kijitabu kinachoweza kukimaliza, nacho ni mwili wake. Ncha ya juu ya baa ikigusa mti, msumeno hurushwa nyuma na juu, kuelekea shingoni, kwa kasi ambayo jicho halioni. Mikono inahitaji matangi mengi zaidi ya 15 ili ijifunze kusimama pembeni kidogo na mstari huo, kidole gumba kikiwa chini ya mpini wa mbele, si juu yake.

Kwa anayeanza, basi, mti wa kuanzia ni mkaratusi mbichi wenye unene wa paja, ulioangushwa jana au juzi. Mkaratusi mkavu ni mgumu kama mfupa, na ukiuacha ukauke kabla ya kuupasua kwa shoka utajuta. Upasue ukiwa mbichi, ukauke ukiwa vipande. Usianze na nguzo ya ua wa zamani, kwa sababu ina misumari, wala gogo lililoburutwa kwenye udongo, kwa sababu mchanga ulioingia kwenye gome huimaliza cheni kwa dakika moja. Petroli ichanganywe ndani ya mtungi wake na kutikiswa, si kumiminwa kando kando ndani ya tangi huku unakadiria oili kwa kifuniko cha chupa ya soda. Tangi la oili ya cheni lijazwe kila unapojaza petroli. Ukimaliza kipande kikubwa usizime papo hapo. Iache ingurume nusu dakika, joto litoke. Na karibu na tangi la sita au la saba, siku usiyoitarajia, utasikia mlio umebadilika, umekuwa mzito na laini, na baa inazama ndani ya gogo kwa uzito wake yenyewe bila wewe kuisukuma.